Oili, Spana na Risiti

Tarehe 4 Januari 1975 Rais Gerald Ford wa Marekani alitia saini sheria ya dhamana za bidhaa iitwayo Magnuson-Moss. Ndani yake kuna kifungu kifupi ambacho vijana wa kaunta katika gereji za mawakala hawana haraka ya kukukumbusha. Kinasema, kwa ufupi, kwamba mtengenezaji hana ruhusa ya kuifunga dhamana kwa sharti kwamba mnunuzi atumie kifaa au huduma ya jina fulani la biashara, ila kama kifaa hicho au huduma hiyo anaitoa bure. Kwa mwenye gari jipya maana yake ni kwamba anaweza kujilaza chini ya gari uani kwake, akafungua nati ya sampo kwa spana kumi na nne, akamwaga oili, akafunga filta aliyoinunua dukani mtaani, na dhamana ya gari lake ikabaki hai.

Mimi ni mtoto wa fundi. Marehemu baba alikuwa na kibanda chake Gerezani, Dar es Salaam, na niliijua nati ya sampo kabla sijajua kuandika barua rasmi. Sasa naishi Minnesota, kaskazini ya mbali ya Marekani, ambako Waswahili wenzangu hununua magari yanayotoka kiwandani kwa mkopo wa miaka. Kibandani kwa baba habari za dhamana hazikuwahi kuzungumzwa, kwa kuwa gari lililotufikia lilikuwa limekwisha kunywa oili ya watu wengine kabla yetu. Huku dhamana ndiyo gumzo, na kila mtu anauliza: nikimwaga oili mwenyewe, injini ikifa watanikubalia? Sheria inajibu ndiyo. Lakini jibu hilo limepiganiwa, na lina gharama yake. Ukiifuata historia yake utaona kwamba hakuna aliyemkataza mwenye gari kushika spana. Ugomvi wote ulikuwa juu ya karatasi: nani anaiandika, nani anaitunza, na nani anaaminiwa akiitoa.

Mwenye gari ndiye fundi

Kampuni ya Ford ilipoanza kuuza Model T mwaka 1908, wateja wake wengi walikuwa wakulima wanaoishi mbali na gereji yoyote. Hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1927, magari hayo yalikuwa yametoka kama milioni 15. Injini yake haikuwa na pampu ya oili wala filta. Gurudumu zito lililokuwa nyuma ya injini lilizunguka ndani ya oili na kuirusha juu. Sehemu yake iliingia katika bomba jembamba lililoipeleka mbele, kisha ikarudi kwa mteremko huku ikilowesha beringi na pistoni njiani.

Hata kijiti cha kupimia oili hakikuwapo. Chini ya injini palikuwa na bilula mbili ndogo, moja juu ya nyingine. Mwenye gari alitambaa chini na kufungua ya juu: oili ikitoka, ipo ya kutosha. Isipotoka, alifungua ya chini. Ile nayo ikiwa kavu, hapo gari halikupaswa kuwashwa. Kitabu cha Ford kilimwelekeza mwenye gari jipya amwage oili baada ya maili 400 za kwanza, na baadaye kila baada ya maili 750 hivi, yaani kilomita 1,200. Kilimwambia pia asafishe sampo kwa mafuta ya taa kabla ya kujaza oili mpya. Maelekezo hayo hayakuandikiwa fundi wa kuajiriwa. Yaliandikiwa mtu anayeamka asubuhi, akamlisha farasi, akalisha na gari.

Kwa nini oili imwagwe mara kwa mara hivyo? Oili haichakai kwa kulainisha. Inachakaa kwa yale inayoyabeba. Masizi ya mwako hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka ndani yake. Petroli ambayo haikuungua hushuka vilevile na kuifanya nyepesi. Injini ikizimwa kabla haijapata moto sawasawa, mvuke wa maji hubaki humo, ukachanganyika na mabaki ya mwako na kuzaa asidi. Unga wa chuma nao huzunguka na kusaga kila unapopita. Bila filta, dawa ya hayo yote ilikuwa moja tu: fungua, mwaga, jaza upya.

Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, walipata hataza ya filta ya oili waliyoiita Purolator. Mwaka uliofuata gari jipya la Chrysler lilitoka nayo kiwandani. Filta zile za mwanzo zilichuja sehemu tu ya oili kila mzunguko, na kuzibadilisha kulihitaji kufungua vikorokoro vingi. Miaka ya 1950 ikaja filta ya kopo, ile tunayoijua, inayozungushwa kwa mkono kwenye skrubu yake na kukazwa. Kazi iliyochafua mikono asubuhi nzima ikawa ya nusu saa.

Oili yenyewe nayo ilikuwa ikipewa utaratibu. Chama cha wahandisi wa magari, SAE, kilianza kuipanga kwa uzito wake mwaka 1911, na mwaka 1933 ikaongezwa herufi W kwa ajili ya majira ya baridi. Baba alijua SAE 40 na hakuwa na sababu ya kujua nyingine. Dar es Salaam haina asubuhi ya kuigandisha. Huku kwetu, Januari ikishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, oili ile ingekuwa nzito kama asali iliyosahauliwa chupani, na injini isingezunguka. Ndiyo maana ya namba mbili kwenye chupa ya 0W-20 au 5W-30: ya kwanza inaeleza oili inavyotembea kwenye baridi, ya pili inavyostahimili injini ikishika moto. Oili za namba mbili zilianza kuzoeleka katika miaka ya 1950. Taasisi ya mafuta ya Marekani, API, nayo ilianza kutoa madaraja ya ubora mwaka 1947. Baadaye yakawa ya herufi zinazoanza na S kwa injini za petroli, ikiwamo SP ya mwaka 2020. Herufi hizo, ambazo mnunuzi huzipita kama urembo wa chupa, zilikuja kuwa na kazi kubwa mezani kwa mawakala, kwani zilimwezesha mtengenezaji kudai ubora wa oili bila kudai jina la kampuni.

Karatasi iliyoandikwa na upande mmoja

Dhamana ya gari, kwa miongo mingi, ilikuwa karatasi iliyoandikwa na upande mmoja. Chama cha watengenezaji wa magari Marekani kilikuwa na maandishi ya namna moja yaliyotumiwa na makampuni makubwa yote: siku 90 au maili 4,000, lolote litakalotangulia. Ahadi ilikuwa kubadilisha kifaa kibovu tu, tena mnunuzi akirudishe kiwandani kwa nauli yake mwenyewe. Kila ahadi nyingine, iliyotamkwa au isiyotamkwa, ilifutwa kwa maneno madogo nyuma ya hati ya mauzo.

Karatasi hiyo ilipimwa New Jersey. Mwezi Mei 1955 Claus Henningsen alimnunulia mkewe Helen gari aina ya Plymouth, zawadi ya Siku ya Akina Mama. Siku kumi baadaye, gari likiwa na maili 468, Helen alisikia kitu kikikatika, usukani ukazunguka mikononi mwake, na gari likaenda kujibamiza ukutani. Kesi ilipofika mahakamani, wenye kampuni wakaitoa ile karatasi: tunawadai ninyi kifaa kibovu, sisi mnatudai kifaa kipya, basi. Tarehe 9 Mei 1960 Mahakama Kuu ya jimbo iliikataa hoja hiyo. Ilisema kwamba makampuni yote yakitumia karatasi moja, mnunuzi hana pa kukimbilia wala nafasi ya kujadiliana, hivyo maneno yale madogo hayawezi kumnyang'anya haki ya kupata gari linalofaa kwa barabara.

Wakati huo huo ushindani wa soko ulikuwa umeanza kuirefusha dhamana wenyewe. Kwa magari ya mwaka 1961 Ford ilitoa miezi 12 au maili 12,000. Chrysler, iliyokuwa ikisemwa vibaya kwa ubora wa magari yake ya nyuma, ikaruka mbali zaidi: kwa magari ya 1963 iliahidi miaka mitano au maili 50,000 kwa injini, gia na mfumo unaozungusha magurudumu. Lilikuwa jambo la kushangaza sokoni.

Ila ahadi ilivyorefuka, ndivyo masharti nayo yalivyoota miguu. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, mwenye gari la Chrysler alitakiwa abadilishe oili kila baada ya miezi mitatu au maili 4,000, abadilishe filta kila anapobadilisha oili mara ya pili, na kila baada ya miezi sita aende kwa wakala na ushahidi wa kazi hizo, wakala athibitishe kwa maandishi pamoja na maili za gari. Soma tena sharti hilo. Halikumkataza mtu kumwaga oili nyumbani. Lilimtaka apige foleni mbele ya muuzaji mara mbili kwa mwaka na kumwomba akubali kwamba kazi imefanyika. Anayeshika muhuri ni yule yule anayetaka umpe kazi ya service. Ndipo ilipozaliwa dhana, ambayo haijafa hadi leo, kwamba gari lisilopelekwa kwa wakala halina dhamana.

Seneta wa Washington na mbunge wa Sacramento

Malalamiko yalijaa ofisi za serikali. Mwaka 1967 Rais Lyndon Johnson alimteua Betty Furness kuwa mshauri wake wa mambo ya walaji. Umma ulimjua mama huyo kwa sura: alikuwa mwigizaji aliyetangaza majokofu ya Westinghouse kwenye televisheni kwa miaka mingi. Katika wakati wake serikali ilichunguza dhamana za vyombo vya nyumbani na za magari, na kilichoonekana ni kwamba hati nyingi zilipambwa kama vyeti vya hisa ilhali ndani zilipunguza haki za mnunuzi badala ya kuziongeza.

Bungeni jambo hilo lilibebwa na Warren Magnuson, seneta wa jimbo la Washington aliyeongoza kamati ya biashara, na John Moss, mbunge wa Sacramento, California, yule yule aliyeisukuma sheria ya haki ya wananchi kupata taarifa za serikali ya mwaka 1966. Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Sheria yao ilipopita na kusainiwa, ilianza kutumika kwa bidhaa zilizotengenezwa baada ya tarehe 4 Julai 1975.

Haikumlazimisha mtu kutoa dhamana. Ilisema tu kwamba ukitoa, uiandike kwa lugha inayoeleweka, useme kama ni dhamana kamili au yenye mipaka, na uioneshe kabla ya mauzo. Na ikaweka kile kifungu cha kukataza kumfunga mnunuzi kwa jina la biashara. Mlango mmoja uliachwa wazi: kampuni ikiishawishi Tume ya Biashara ya serikali kuu, FTC, kwamba bidhaa yake haiwezi kufanya kazi sawasawa bila kifaa chake maalumu, na kwamba kuiruhusu ni kwa faida ya umma, inaweza kusamehewa.

Lazima niseme pia yale ambayo sheria hiyo haikusema, maana hapo ndipo watu wetu wanapoumia. Haikumruhusu mwenye gari kuchelewesha oili. Mtengenezaji ana haki ya kudai oili ya uzito na daraja lililotajwa kitabuni, kwa maili zilizotajwa kitabuni. Haikusema kwamba ukiacha nati ya sampo imelegea na oili ikamwagika barabarani, kampuni ikununulie injini. Kasoro iliyotokana na mkono wako ni yako. Ilichokataza ni kampuni kukunyima dhamana kwa sababu tu kazi ilifanywa na mtu mwingine au kwa kifaa cha jina jingine. Ikitaka kukataa, ioneshe kwamba kazi ile ndiyo iliyoleta ubovu.

Miaka ya kujifanyia

Sheria ilifika wakati muafaka. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zinazouza mafuta zilisitisha kuiuzia Marekani, na ndani ya miezi michache bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda kama mara nne. Vituo vya petroli, ambako kijana alikuwa akikufutia kioo na kukupimia oili huku petroli ikiingia, vilianza kufungwa au kugeuzwa vya kujihudumia. Ufundi mdogo uliokuwa ukifanyika pale ulibaki bila mwenyewe, na Wamarekani wakaugawana kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ilikuwa gereji ya haraka. Jiffy Lube ilianzia Ogden, Utah, mwaka 1971, na baadaye ikasambaa nchi nzima na wenzake wa namna hiyo: unaingia na gari, chini kuna shimo, kijana anamwaga, mwingine anajaza, unatoka kabla chai haijapoa. Biashara hiyo iliishikilia sana namba ya maili 3,000 kati ya oili moja na nyingine, na kubandika kibandiko kidogo kwenye pembe ya kioo cha mbele ili usisahau. Leo vitabu vingi vya magari vinataja maili 5,000, 7,500 au 10,000, lakini namba ya zamani bado inatembea vinywani.

Njia ya pili ilikuwa uani kwako. Maduka makubwa yaliuza oili kwa kreti, vibao vya kupandishia magurudumu, beseni bapa la kupokelea, na mkanda wa chuma wa kukamatia filta. Jumamosi za vitongoji vya Marekani zilijaa miguu inayochungulia chini ya magari.

Aibu ya zama hizo ni mahali oili chafu ilikoishia. Mwaka 1963 jarida maarufu la Popular Science lilishauri wasomaji wachimbe shimo, walijaze changarawe, na kumwaga humo ili ardhi inywe. Wengi walimwaga kwenye mtaro bila hata shimo. Shirika la serikali la mazingira, EPA, huonya kwamba galoni moja ya oili chafu inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji, na mwaka 1992 liliweka kanuni za namna ya kuikusanya na kuitumia tena. Siku hizi maduka mengi ya vipuri huku huipokea bure. Mimi hupeleka yangu kwenye chupa zile zile nilizonunulia.

Gerezani kwetu nasi tulikuwa na njia zetu. Oili chafu haikutupwa hovyo. Ilikusanywa kwenye debe na kuuzwa kwa watu wa kujenga, ambao walipaka nguzo na mirunda ili mchwa wasiile. Miaka ya mwanzo ya 1980, maduka yalipokuwa matupu na oili mpya ikawa ya kutafutwa kwa kujuana, niliona mafundi wakiiacha oili chafu itulie kwenye pipa, wakachota ya juu, wakaichuja kwa kitambaa na kuirudisha kwenye lori. Hakukuwa na dhamana ya kupoteza. Hata magari yaliyotumika kutoka Japani yalipoanza kuja kwa wingi, karatasi pekee yaliyokuja nayo ilikuwa kibandiko kwenye ukingo wa mlango, kwa maandishi ya Kijapani, kikionyesha tarehe na kilomita za oili ya mwisho. Fundi aliyejua kazi alikitazama kwanza kabla hajafungua boneti, kwa kuwa kilimwambia mwenye gari wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani.

Mpwa wangu na kaunta

Mpwa wangu anaendesha gari la abiria huko Columbus, Ohio. Alinunua Corolla mpya, na siku moja akanipigia simu amekasirika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mbona sauti hiyo?"

"Nimetoka service. Kijana wa kaunta ananiambia nikimwaga oili mwenyewe nyumbani, dhamana ya injini imekwisha."

"Mwombe akuandikie maneno hayo, na atie saini."

"Nilimwomba."

"Akasemaje?"

"Akaniambia anakwenda kumuuliza meneja. Nimengoja mpaka nimechoka, nikaondoka."

Nilimwambia asigombane na kijana yule. Huenda na yeye kaambiwa tu. Nilimwambia afungue kitabu cha gari, atafute sura ya matengenezo. Vitabu vya magari mapya ya Marekani vina kurasa za kujazia tarehe, maili na kazi iliyofanyika. Nikamwuliza kama risiti za oili anazo. Akanyamaza. Ukimya ule ndio uliokuwa hatari, si maneno ya kaunta.

Mwaka risiti zilipogeuka mali

Mwaka 2002 ndio uliowafundisha Wamarekani somo hilo kwa ukali. Injini fulani za Toyota na Lexus za miaka ya 1997 hadi 2002 zilikuwa zikijaa tope: oili iliyopikika ndani na kugeuka ute mweusi mzito unaoziba njia za kulainisha. Magari yaliyohusika yalikuwa kama milioni 3.3. Mwanzoni kampuni ilielekeza lawama kwa wenye magari, kwamba hawakubadilisha oili kwa wakati. Wenye magari walipiga kelele. Wengi walisema walibadilisha vizuri tu. Hatimaye Toyota iliongeza ulinzi hadi miaka minane tangu gari kuuzwa mara ya kwanza, lakini ilimtaka mwenye gari aoneshe kwamba alifanya juhudi ya kawaida ya kulitunza. Mashauri ya pamoja yaliyofunguliwa mahakamani yalimalizwa kwa makubaliano mwaka 2007.

Fikiria mambo yalivyokuwa kwa aliyemwaga oili mwenyewe. Kazi yake inaweza kuwa safi kuliko ya gereji yoyote, filta bora, oili bora, kwa wakati. Lakini injini iliyojaa tope haisemi nani aliitunza. Aliyekuwa na bahasha ya risiti alizungumza na kampuni akiwa amesimama. Aliyekuwa na kumbukumbu tu alibaki kuapa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walikuwa wakisema habari za dukani. Ila ule mwaka walikuwa wakiongea na wenye Camry.

Serikali nayo haikulala kabisa. Mwaka 2015 FTC iliituhumu BMW, kupitia tawi lake la MINI, kwamba iliwaambia wateja watumie vipuri vya MINI na mawakala wa MINI, wasipofanya hivyo dhamana itakuwa hatarini. Kampuni ikakubali amri ya kuacha kusema hivyo na kuwaarifu wateja wake. Mwaka 2022 tume iliigeukia Harley-Davidson ya pikipiki kwa kosa la namna hiyo, ikaiamuru iandike wazi kwenye dhamana yake kwamba kutumia vipuri vya wengine au fundi wa nje hakuiui dhamana. Miaka 47 baada ya sheria kusainiwa, kampuni kubwa bado zilikuwa zikikumbushwa kifungu kile kile.

Na si Marekani peke yake. Umoja wa Ulaya uliweka kanuni yake ya biashara ya magari mwaka 2002, ukaweka nyingine mwaka 2010, na moja ya matunda yake ni kwamba gari linaweza kufanyiwa service na gereji huru bila dhamana kupotea. Afrika Kusini, tume yake ya ushindani ilitoa mwongozo ulioanza kutumika tarehe 1 Julai 2021 na kumpa mwenye gari uhuru huo huo ndani ya kipindi cha dhamana. Kwetu Tanzania na Kenya magari mapya yanazidi kuuzwa, ya Wahindi na ya Wachina yakiwamo, nayo yana dhamana zenye masharti. Watetezi wa walaji na wabunge wetu wana mifano ya kutosha ya kuangalia, na mmoja uko bara hili hili.

Neno kwa mwenye gari

Corolla yangu ya injini ya lita 1.8 hunywa lita 4.2 za 0W-20. Kila nikimaliza kumwaga naandika kwenye daftari la shule lenye jalada gumu: tarehe, maili zinazoonekana kwenye dashibodi, uzito na daraja la oili, namba ya filta. Risiti ya oili na ya filta naibana kwenye ukurasa huo huo, na kwa kuwa wino wa risiti za mashine hufutika, naipiga picha kwanza. Napiga na picha ya dashibodi ikionyesha maili. Risiti zisipishane sana na tarehe ya kazi. Oili ya lita tano iliyonunuliwa mwaka juzi haithibitishi chochote cha leo. Washa ya nati ya sampo naweka mpya kila mara, kwa kuwa bei yake ni ndogo kuliko maelezo nitakayolazimika kuyatoa ikivuja.

Kabla ya hayo yote, soma kitabu cha gari lako. Kama wakala anakupa oili ya bure miaka ya mwanzo, ichukue, na omba karatasi ya kila ziara. Kama anakuambia ni lazima kwake, tena kwa malipo, mwombe aandike. Na ukifanya mwenyewe, fuata namba za kitabu. Usifuate namba za jirani wala za fundi wa zamani, hata kama fundi huyo alikuwa baba yako.

Watu wawili wa Bunge la Marekani walitumia miaka kukuwezesha kushika spana yako bila kuogopa kaunta. Kazi iliyobaki hawakuweza kukufanyia. Anza daftari leo, na oili iliyomo kwenye injini sasa hivi iwe ukurasa wa kwanza.